Pijo la Marehemu Baba na Jubilei ya Padre Joakim

Jumatatu, 7 Julai

Kaka Salvatory, tumsifu Yesu Kristo, na mwangaluka. Hujambo huko Mwanza? Mguu umepona, au bado unaupaka mafuta ya kondoo? Huku Bariadi wazima wote. Shemeji yako Milembe pia, ila hasemi na mimi. Niliegesha Pijo juu ya mahindi aliyoanika.

Nitakuandikia siku kwa siku, kwa siri. Padre Joakim anatimiza miaka hamsini ya upadre Jumapili. Kamati inataka gari la rika lake limtoe njia panda hadi kanisani. Yako mawili tu: Pijo la marehemu baba na Landrova ya Ngeleja. Baba aliliombea baraka kwa padre huyuhuyu! Ngeleja apate heshima hiyo? Mungu anisamehe, hapana.

Tatizo ni miguu. Rimu zangu za spoti zinang'aa kama sufuria za harusi, lakini zimetokeza nje na tairi zinakwangua bodi kila kona. Na zile za asili, za chuma? Ziko chini ya mkokoteni wa Mboje kule Mwandoya. Zinabeba pamba.

Jumanne, 8 Julai

Mwandoya. Nimemwambia Mboje mkokoteni wa kisasa hutembelea rimu za spoti. Akauliza kama ng'ombe hawataogopa. Nikamjibu watajivuna. Tumebadilishana. Ng'ombe mmoja aligoma kabisa kuvuta, nikaondoka upesi.

Alhamisi, 10 Julai

Dukani kwa Gharib, kununua tairi. Nilitaka pana. Akasema pana zitakwangua tena, nichukue radial nyembamba zenye waya ndani, siyo nailoni kama zile kuukuu. Akaonya kwamba radial hutoa tumbo kidogo pale chini, ndiyo maumbile yake, nisiongeze upepo. Niliitikia vizuri mno hadi akaniagizia kahawa.

Jioni Ngeleja kapita. Kainama, kaangalia matumbo ya tairi, kasikitika kama yuko msibani.

"Nkoi, rafiki yangu, hizi zimechoka kabla ya safari."

Ijumaa, 11 Julai

Sikulala vizuri. Asubuhi muuza mihogo naye kasema tairi zimelala. Watu wawili! Gharib ni mmoja. Nimesali kidogo, nikachukua pampu ya mguu. Nimejaza hadi matumbo yakaisha. Nikipiga ngumi zinalia kama ngoma. Milembe amevunja ukimya: kauliza kama gari lina mimba.

Jumamosi, 12 Julai

Majaribio. Mama Felisita, mwenyekiti wa kamati, kaketi nyuma, pale atakapoketi padre. Barabara ya vumbi. Kaka, Pijo liliruka! Kila kokoto tulilihisi kwenye meno. Kilemba chake kiligonga paa mara nyingi. Nilijaribu kuimba wimbo wa Bikira Maria, ukatoka vipande vipande.

Aliposhuka alishika kiuno.

"Baba Limbu, Padre ana mgongo mbovu. Unataka tumpokee au tumzike?"

Landrova imeshinda. Nimelia kidogo, nyuma ya choo.

Jumapili, 13 Julai

Padre aliwasili akitabasamu, Ngeleja kwenye usukani kama gavana. Nimemsamehe. Nimewaza sana kwa nini Pijo liliruka, nikapata jibu: upepo haukutosha. Tairi ngumu nusu ndizo zinazoruka. Zikijaa kabisa hutulia.

Wakati wa matangazo nikatoka nje. Nikaiona Landrova. Nayo ina radial mpya, matumbo nje! Maskini Ngeleja, hakuna aliyemwambia. Na Padre anarudi nayo saa tisa. Upendo wa Kikristo ukanishika. Nimezijaza zote nne, na ya akiba. Sijamwambia mtu, sadaka hufanywa kwa siri.

Sasa ni saa nane na nusu. Wanamsaidia Padre kupanda.

Kaka, tafadhali nijibu mapema.