Kipoza cha Kompyuta na Kitambaa cha Mama Mkwe

Jackton Nalianya,
Mtaa wa Tena,
Nairobi.

Kwa Mhariri,
Safu ya "Kompyuta Bila Machozi".

KUH: KIPOZA MLICHONISHAURI NINUNUE, NA FEDHEHA INAYONINGOJA MBELE YA WAKWE

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi mahali penye hewa. Mimi si mzima sana, na tangu nianze kufuata ushauri wa safu yako hewa imekuwa adimu nyumbani kwangu.

Mimi ni karani mstaafu wa bohari moja kule Industrial Area. Siku hizi nahariri video za harusi, ubatizo na mazishi hapa sebuleni kwangu. Mke wangu, Mideva, husema kazi yangu ni kukata watu vichwa, maana maharusi wawili watatu wametokea kwenye video zangu kuanzia shingo kwenda chini. Hilo ni kosa la mpiga picha, na mpiga picha ni mimi pia, lakini si la leo.

La leo ni hili. Baba mkwe wangu, Mzee Patrobas wa Chavakali, alituacha mwaka jana. Alikuwa mwimbaji wa besi katika kwaya ya kanisa lao, na watu walikuwa wakivuka mto kuja kumsikia. Mjane wake, mama mkwe wangu, macho yameingia ukungu, na anakuja Nairobi Ijumaa kutibiwa. Kabla daktari hajamgusa ameomba jambo moja tu: amwone mzee wake akiimba, na kama hatamwona basi amsikie. Mimi ndiye niliyejitolea kutengeneza video hiyo, mbele ya ukoo mzima, kabla hata mtu hajamaliza kuuliza ni nani anayeweza.

Ujue pia kwamba kwetu na kwao mkwe wa kiume haketi chumba kimoja na mama mkwe. Akiingia sebuleni, mimi naingia jikoni. Hatupeani mkono wala hatusemezani ana kwa ana. Maneno yote hupitia kwa Mideva. Kwa hiyo sina mdomo wa kujitetea mbele ya mama huyu. Kilichobaki cha kunisemea ni kazi ya mikono yangu, nayo imegoma. Vipande vya video nimeviunganisha vizuri, lakini nikianza kuvipika viwe video moja, maana ndivyo tunavyoita sisi wa kazi hii, ubongo wa kompyuta unashika moto na mashine inazima. Kipoza chake cha zamani, kale kafeni kadogo kanakokaa juu ya ubongo huo, yaani prosesa, kalikuwa kamechoka. Ndipo nikasoma makala yako, "Jinsi ya Kuchagua Kipoza cha Hewa", na mabalaa yangu ni haya yafuatayo:

1. Uliandika kwamba msomaji apime nafasi kabla ya kununua. Hukusema apime wapi. Mimi nimepima mizigo maisha yangu yote, basi nilichukua futi kamba nikapima kimo cha kasha la kompyuta kutoka sakafuni hadi juu. Nikapima meza. Kwa uhakika zaidi nikapima na mlango wa nyumba, ili mzigo usije ukakwama nje. Kote kulitosha. Kitonga, anayeniuzia vipuri, alinionya kwa adabu: "Mzae, hii ni ya watu wa gemu, itaingia kwako kweli?" Nikamjibu kwamba nimepima hadi mlango. Alinitazama sana, nami nikadhani ananistahi.

Kumbe kipoza kile kirefu, chenye mabomba ya shaba na mapezi ya bati, kikishafungwa kinatokeza ubavuni, kama kiwiko cha mtu aliyeshika kiuno. Kinachotakiwa kupimwa ni upana wa kasha, na kasha langu ni mtumba wa ofisi, jembamba. Mfuniko wa ubavuni ukakataa kufunga. Niliusukuma, nikaukalia, nikauombea. Nakiri kwamba makala yako ilikuwa na mchoro wenye mshale unaoonyesha mahali pa kupima. Mshale niliuona. Nilidhani unaonyesha upepo unakoelekea.

2. Kwa sababu ya ushauri wako, kompyuta yangu ikabaki uchi. Nakubali kwamba uchi wenyewe uliipendeza: ilipoa, na ilifanya kazi kwa utulivu ambao sijawahi kuuona. Ningeipika video yote wakati huo, ila shemeji yangu Javan alikuwa hajaleta kanda zilizosalia za kwaya kutoka nyumbani. Lakini fikiria, Ndugu Mhariri, nyumba ambayo kila kitu kina kitambaa cha kufumwa. Makochi yana vitambaa, televisheni ina chake, thamosi ina chake, na mtungi wa gesi umevaa sketi. Katikati ya watu hao wenye heshima zao, mashine yangu imekaa matumbo nje, nyaya zinaning'inia, na wageni wa kanisa wanakuja kunywa chai wakiipa kisogo.

Mideva alivumilia, kisha akamwambia mama yake kwa simu. Mama akauliza vipimo. Mideva akapima kwa shibiri za mkono wake, juu, chini na ubavuni pamoja na kile kiwiko, akamtajia. Mama yule, ambaye macho hayamsaidii tena, alifuma kwa kupapasa. Kitambaa kilifika katika kifurushi kimoja na kanda za Javan: cheupe, chenye maua ya waridi pembeni, kimebana kuanzia juu mpaka chini na kuacha tundu la waya tu. Kilitosha kabisa. Katika familia yetu, asiyeona ndiye aliyepatia kipimo sawasawa, na mwenye futi kamba ndiye anayekuandikia.

3. Joto likarudi, tena kwa hasira. Kompyuta iliyovishwa sweta Nairobi hii, mchana, ikapewa na kazi ya kupika: ikawa inazima kabla mzee hajafungua kinywa. Utasema, si ukivue kitambaa? Ndivyo mnavyoongea ninyi mlio na mama wakwe wanaoona. Kitambaa cha mama mkwe hakivuliwi na mkwe. Hata kukigusa naona haya, hukigusa kwa ncha za vidole kama mtu anayetoa kikombe cha moto mezani. Mideva naye amekataa. Anasema mama akifika kitu cha kwanza atapapasa kazi ya mikono yake, kama afanyavyo kila mara, na akiikosa atajua tumeikataa. Mtu asiyeona aliyekufumia kitu kwa kupapasa, utaanzia wapi kumwambia kitu hicho kinakuua mashine? Na nani atamwambia, ikiwa mimi siruhusiwi kusema naye, na anayeruhusiwa hataki?

Tatizo basi likawa wazi: kitambaa kinabaki, kwa hiyo kipoza ndicho cha kuongezewa nguvu.

4. Nilirudi kwenye safu yako. Umeandika kwamba penye joto sugu mtu aongeze feni ya pili, moja isukume hewa na nyingine ivute. Nikaongeza. Sijui zilisukuma hewa gani na kuivuta wapi, maana ndani ya kitambaa hewa ni ile ile, inazunguka kama watu waliofungiwa lifti. Kilichoongezeka ni kelele. Bi Saado, jirani yetu wa chini mwenye duka la jumla, alipanda ngazi mwenyewe na gunia dogo la mahindi. Akaliweka mlangoni, akanilaumu: "Mzee Nalianya, mnafungua kisiagi na hamwambii jirani?" Nikamweleza ni kompyuta. Akauliza kama basi inaweza kukoboa.

Nilicheka pamoja naye, lakini alipoondoka niliketi nikasikitika. Mzee Patrobas anaimba besi. Niliweka kipande chake nisikilize, na feni zako mbili zikaimba besi kumshinda. Mama huyu hatakuwa na macho ya kumtazamia mumewe. Nikimnyima na masikio, nitakuwa nimemzika mzee mara ya pili.

5. Kuna ile krimu ya kupitisha joto, inayopakwa kati ya prosesa na kipoza. Uliandika: "kiasi kidogo tu, kama punje ya ndengu." Mimi nimelelewa Bungoma, Ndugu Mhariri. Kwetu mgeni hapakiwi siagi ya punje ya ndengu. Kila nilipofungua na kufunga tena kipoza nilipaka kwa ukarimu, nikajaza hadi pembeni, na iliyobaki nikaisawazisha kwa kijiko cha Mideva cha chai. Kijiko hicho sasa nakitumia mimi peke yangu, kwa amri. Kama ulijua ukarimu ni hatari ungeandika kwa herufi kubwa.

6. Nimefikiri sana jikoni, ambako nimeanza kuketi mapema ili nizoee, na nimeona kwamba kosa si la Mideva, wala la mama, wala langu. Ungesema "upana" ningenunua kipoza kifupi. Kipoza kikiwa kifupi mfuniko ungefunga. Mfuniko ukifunga kompyuta isingekuwa uchi, na isipokuwa uchi haivalishwi. Kwa hiyo kitambaa kile umekifuma wewe, kwa mkono wa mama mkwe wangu. Ni haki basi niombe yafuatayo, kwa unyenyekevu:

Kwamba ufike hapa mtaani Tena, Ijumaa, kabla ya chai ya saa kumi. Wewe si mkwe wa mama huyu, waweza kuketi naye sebuleni na kukiri makosa kwake ana kwa ana. Usije mikono mitupu: blanketi moja zito, sukari na majani ya chai vinatosha kwa mara ya kwanza.

Kwamba ukishakubaliwa umweleze, kama wazo lako mwenyewe, kwamba kitambaa kivuliwe. Akikasirika, akukasirikie wewe. Mimi nitakuwa jikoni nikitikisa kichwa kwa masikitiko, na Mideva atamwambia hivyo.

Kwamba kuanzia sasa safu yako iwe na fungu la vipoza vya nyumba zenye wakwe, na kwamba mwanamume aliyeoa asiuziwe kipoza cha aina yoyote bila idhini ya wazee wa pande zote mbili. Serikali ikiona hilo ni zito, nipo tayari kwenda kuieleza, mradi mkutano usifanyike Ijumaa.

Na kama huwezi kuja kabisa, basi kuna njia moja tu iliyobaki: unikane hadharani. Chapisha ukurasa wa mbele kwamba Jackton Nalianya hajui kupima, hajui kupaka, wala hajui kusoma mshale. Mama akisomewa hayo atanihurumia, na mkwe anayehurumiwa haulizwi video iko wapi.

Nisalimie wote hapo ofisini: wapanga kurasa, wapiga chapa, mlinzi wa lango, na yule aliyechora mchoro, ambaye simlaumu kwa lolote. Mideva anawasalimu ingawa hajui nimeandika. Bi Saado naye anawasalimu, na anauliza kama mnajua kisiagi kizuri karibu na Umoja.

Wako kwa heshima na jasho,
Jackton Nalianya.

P.S. Ndugu Mhariri, usije.

Mama mkwe amefika leo, Alhamisi, kabla sijaipeleka barua hii posta. Javan alipata gari la mapema. Nilisikia sauti ya mama kwenye ngazi nikakimbilia jikoni, nikaacha mashine ikijaribu kupika kwa mara ya mwisho. Alisalimia nyumba, akaanza kupapasa vitambaa vyake, kochi baada ya kochi, akafika kwenye kompyuta. Kisha nikamsikia: "Mideva, huyu mbona ana homa hivi? Mwenye homa hufunikwa?"

Mideva akamwambia tuliogopa kukivua. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema alifuma cha kuvaliwa na mashine ikiwa imelala, vumbi lisiingie. Akauliza ni nani aliyetuambia ifanye kazi nacho. "Hata mimi silimi na gauni la kanisani." Akakivua mwenyewe, akakikunja, akakiweka mapajani. Kwa hiyo kipoza chenu kilikuwa kizuri, feni ya pili haikuhitajika, na jambo lote lingekwisha kwa swali moja la simu ambalo watu wazima wawili waliogopa kuuliza. Malalamiko nambari moja hadi sita nayaondoa. Hata la krimu, kijiko kimeoshwa.

Nilimwelekeza Mideva kupitia upenyo wa mlango, akachomoa feni ya pili. Video ikapika hadi mwisho, mama akinywa chai yake, mashine haikuzima. Ilipokuwa tayari feni ilitulia, na kabla hawajaiwasha video mama akaagiza mlango wa jikoni ufunguliwe wote. Alisema mwenye kazi naye asikie.

Sijui alimwona mzee kiasi gani, na sijauliza. Alisikiliza mpaka ikaisha. Kisha akaomba irudiwe, na mara hii hakusikiliza tu: aliimba naye, sauti yake juu ya besi ya mzee, tangu ubeti wa kwanza hadi amina.