Gari la Maksai la Kulaki Ndege

Jumatatu, 5 Machi 1951
Kitale. Umande mwingi. Mlima Elgon ulijifunika ukungu mpaka kiunoni, na uwanja wa ndege ukaonekana kama unaelea. Nilisimama katikati ya nyasi na fyekeo langu, nikasahau kufyeka. Kazi yangu hapa ni mbili: kukata nyasi, na kuzuia ng'ombe wasiingie uwanjani.

Bwana wa uwanja ametangaza kwamba kuanzia Jumatano ya wiki ijayo ndege itakuja kutoka Nairobi kila wiki. Abiria wanane. Baadaye itaendelea mpaka Uganda.

Nimewaza siku nzima. Watu wanane watashuka kutoka mawinguni, halafu je? Stesheni ya reli iko mbali na mvua kubwa inakaribia. Motokaa ya hoteli ni moja, na huzama kwenye matope kila mvua ikinyesha. Atawabeba nani? Mimi. Gari la maksai, lenye viti, paa na mapazia.

Barua nimempa dereva wa lori ampelekee mke wangu Nasambu, nyumbani Bungoma. Alete maksai wetu wawili, Hakimu na Karani. Nimesema wanahitajika kwa kazi ya serikali. Si uongo mtupu. Uwanja ni wa serikali.

Jumatano, 7 Machi
Kiplagat amepata habari. Huyu ndiye hupandisha mfuko wa kuonyesha upepo kwenye mlingoti kila asubuhi. Ana kofia ya kaki yenye beji. Mimi sina kofia. Yeye hutembea kana kwamba upepo wenyewe ni wake.

Aliniambia, "Wakhungu, ati ndege itoke Nairobi asubuhi hii, halafu maksai wako wafikishe watu stesheni kesho? Wacha mchezo, bana."

Nikamjibu kwamba mtu aliyetoka angani anahitaji kurudishwa duniani polepole. Jibu zuri. Naliandika hapa nisilisahau.

Gari nimepata, kuukuu, lililokuwa likibeba mahindi. Mabenchi mawili nimeazima kanisani. Mchungaji yuko safarini, kwa hiyo sikumsumbua.

Jumapili, 11 Machi
Ibada imefanyika huku safu mbili za nyuma zikiwa zimesimama. Niliimba kwa sauti ya chini.

Alasiri Nasambu aliwasili hapa Tuwan, ninakokaa, amewatanguliza maksai. Siku mbili njiani. Alilala Naitiri kwa shangazi yake. Vumbi lilimfika magotini. Hakunifokea. Alisema majirani wote wameshalima, kwetu imelimwa nusu ekari tu, na mvua ikitukuta hivyo mwaka huu watoto watakula mahindi ya kuomba.

"Baba Peris, hii kazi ya serikali inaisha lini?"

Nikasema Jumatano. Akauliza kwa nini serikali inataka gari lenye mapazia. Nilikuwa nimeliacha gari nje. Mapazia nimeyashona kwa shuka aliyoitarizi mwenyewe kabla hatujaoana. Aliyashika maua yale kwa vidole viwili, akaingia ndani.

Jumanne, 13 Machi
Majaribio. Nasambu alikubali kuwa abiria. Tulizunguka ukingo wa uwanja jua likielekea mlimani. Mapazia yalipumua. Magurudumu hayakupiga kelele nyingi. Kwa muda nilihisi hatuko Kitale wala popote. Tunaenda tu, na nyasi zinatupisha.

Nasambu aliinua uso, akauliza kama mtu aliye juu kule anaweza kuona Bungoma. Nikamwambia ndiyo, anaona mto, anaona paa letu, anaona hata shamba.

"Basi ataona halijalimwa," akasema.

Jumatano, 14 Machi
Niandike upesi, kabla sijaanza kuikumbuka siku hii vingine.

Saa tatu asubuhi niliegesha gari kando ya uwanja. Shati limepigwa pasi. Nasambu kivulini. Kwanza ulikuja mvumo, kama nyuki ndani ya kibuyu. Kisha ndege yenyewe, nyeupe, ikatoka kwenye ukungu. Sijawahi kuona kitu kizito kikiwa na wepesi kama ule. Nikaangalia. Nikaachia kamba.

Hakimu na Karani walikimbilia katikati ya uwanja, gari nyuma yao, mapazia yakipeperuka. Ndege ilikuwa imeshuka mpaka nikaona nyuso madirishani. Ikainuka tena. Ikazunguka mara tatu. Kiplagat alikimbia huku na huku akipunga kofia yake. Nami nilikimbia, na kadiri nilivyowakimbilia ndivyo walivyonikimbia.

Nasambu ndiye aliyeingia uwanjani kwa mwendo wa kawaida, akawaita kwa majina kama awaitavyo shambani. Wakasimama. Akawatoa. Lakini mawingu yalikuwa yamefunga, na ndege ilikuwa imekwenda zake. Eldoret, wanasema.

Kuna mama mmoja dirishani alinipungia mkono. Kiplagat anadai alikuwa akitufukuza.

Bwana wa uwanja hakupaza sauti. Aliniuliza kazi yangu ni nini. Nikasema ni mbili. Akasema sasa sina hata moja.

Jioni Kiplagat alinisaidia kurudisha mabenchi kanisani, moja kichwani kwake. Njia nzima hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumanne, 20 Machi
Bungoma. Mvua ilianza juzi, lakini tumewahi. Nasambu anashika plau, mimi natangulia na maksai. Udongo unanukia vizuri. Shuka imefuliwa na imerudi kitandani. Jana aliniambia kwamba nikitulia naweza kulima mstari ulionyooka. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea.

Ni leo tu, tulipofika kipande cha chini, nilipoona jinsi kilivyo tambarare. Hakina kisiki. Hatua mia sita, nimezihesabu mara mbili. Reli iko karibu. Nilisimama pale mvua ikinimwagikia, na kwa muda nikawaona watu wanane wakishuka, wakitazama huku na huku, wakiuliza Bungoma ni nzuri hivi tangu lini.

Kipande hicho sikukilima. Nasambu nimemwambia ardhi ile imechoka, ipumzike. Akasema tuliifungua mwaka jana tu. Nikasema ndiyo maana, haijazoea.

Barua kwa Bwana wa uwanja wa Kitale iko tayari. Nimemwarifu kwamba Bungoma inangoja, na nimemwomba ndege ya kwanza ije kabla ya palizi, maana baada ya hapo Nasambu atauliza.