Malalamiko Juu ya Mtu Anayeuliza "Mhola?" Mara ya Pili

Kwa Ndugu Constantine,
Afisa Mtendaji wa Kata,
Ofisini kwako, nyuma ya ghala la pamba,
Bariadi.

Ndugu Mtendaji,

Mwangaluka. Kabla ya yote ujue kwamba unaandikiwa na mtu mwenye bahati. Bariadi nzima inajua kichwa changu hakijawahi kuuma isipokuwa kwa bia. Nimekuwa utingo wa malori mpaka Kigoma, mpaka Tunduma, mpaka ng'ambo kwa Wakongo, na nimerudi na meno yangu yote. Tena usingizi, Mungu alinipa ule wa daraja la kwanza. Nikigusa mto, nimekwisha. Radi ipige, ng'ombe waingie ndani, mimi sina habari. Darasa la saba sikulimaliza, lakini na hiyo ni bahati, maana waliolimaliza nawaona wana mawazo sana. Kwa hiyo haya siyaandiki kwa shida yangu. Mimi sina shida. Naandika kwa niaba ya jamii.

Nasikia kikao cha kata kinachokuja kitaamua jambo la Bi Scola, afisa ustawi wa jamii: aendelee na kile chumba cha pembeni pale zahanati, anakokaa na watu walioelemewa na moyo, au chumba kirudishiwe mbegu za pamba kama zamani. Mimi Masalu, muuza spea za pikipiki, nasema mbegu zirudi. Sababu ninazo, nimezipanga.

1. Anaharibu salamu. Wewe ni mtu wa Kagera, kwa hiyo nikueleze taratibu. Sisi Wasukuma ukiulizwa "Mhola?", yaani kuna amani, unajibu "Mhola duhu", amani tupu. Nyumba inaungua, mhola. Fahali amekufa, mhola. Mnasalimiana habari za watoto, za ng'ombe, za mvua, mnamaliza zote ni mhola, ndipo unataja kwa mbali kwamba hata hivyo baba tulimzika jana. Hiyo ndiyo adabu. Sasa huyu mayu, yaani huyu mama, anauliza, unajibu, halafu hapiti! Anasimama palepale. Anakutazama kama mtu aliyesahau mwavuli kwako, kisha anauliza tena, polepole: "Mhola kweli?" Ndugu Mtendaji, swali hilo halina jibu. Wazee wetu hawakutuachia.

Mzee Mayunga, yule mfugaji wa Mwanhuzi anayemshika fahali kwa pembe na kumwangusha, aliulizwa mara ya pili mnadani, mbele ya watu. Akafungua mdomo aseme mhola, yakatoka machozi. Mkono mmoja ameshika fimbo, mwingine ameshika muwa, hakubakiwa na mkono wa kujifutia. Mnada ukasimama. Hata ng'ombe walimtazama. Nikamwambia, "Mzee, vumbi hilo." Akanijibu, "Vumbi gani, mpumbavu wewe, nalia." Je, haya ni maneno ya mzee?

2. Amechezea mwano. Mwano, kama hujaukuta, ni lile yowe la kuita watu ng'ombe wanapoibwa. Ukiusikia unaacha uji, unaacha mke, unaacha hata mteja, unakimbia na rungu. Basi msimu uliopita wa kuvuna pamba, jua la mchana, mwano ukapigwa upande wa lambo. Mimi nikatoka dukani na spana mkononi, nikiwa wa kwanza, kama ilivyo kawaida yangu. Tukafika sungusungu wote, marungu, kamba, filimbi. Tunauliza kwa kelele: ng'ombe wa nani? Wameelekea wapi? Anatujibu Scola, anahema, kiatu kimoja kimepotelea njiani: "Hakuna ng'ombe. Ni Jilala."

Jilala ni jirani yangu, mkulima wa pamba, mtu mpole mpaka kuku wake wanamdharau. Tangu jua lilipounguza shamba lake alikuwa hali vizuri, hasemi, ukimsalimia anajibu mhola anaingia ndani. Siku hiyo alitoka bila simu, akawaaga wanawe kwa maneno ambayo mtu mwenye mpango wa kurudi hayasemi. Dada yake Violeth akamkimbilia Scola. Scola akamwambia, "Mayu, piga mwano." Violeth akasema, "Mwano ni wa ng'ombe, watu watatucheka." Scola akasema, "Piga hivyohivyo. Na yeye ameibwa."

Nauliza kama raia mwema: hiyo ni halali? Wanaume wazima kutawanyika porini kumtafuta kiumbe ambaye hana hata pembe? Tulimkuta nyuma ya tuta la lambo, ameketi peke yake. Alipotuona na marungu akainua mikono juu, akasema, "Jamani, mimi sijaiba kitu." Mabula, kamanda wetu, ambaye tangu apewe filimbi hajawahi kufika mahali asimpige mtu, akasimama hajui rungu alipeleke wapi. Mwishowe akaliweka chini, akalikalia. Nasi tukakaa. Hatukuambiana. Jeshi zima la sungusungu tumekaa kwenye matope tukimzunguka mtu mmoja anayelia, hakuna anayemwambia anyamaze, mpaka Scola akaweza kumuuliza waziwazi kama anafikiria kufa, na yeye akaweza kujibu ndiyo. Ndiyo, mbele ya watu! Halafu tukamsindikiza hospitali kwa pikipiki, na mafuta tumechanga wenyewe.

Hakuna aliyetozwa faini. Hakuna aliyepigwa. Hakuna ng'ombe aliyerudi. Huo ni mwano gani?

3. Hili nimelisahau. Litakuja.

4. Anawaonea waganga. Tunaye mmoja hapa, simtaji maana ni mteja wangu wa matairi. Zamani mtu akikosa raha, akianza kuongea na ukuta, mganga alikuwa anamtajia shangazi aliyemroga. Ukoo unagawanyika, watu wanahama nyumba, kila mmoja ana shughuli. Sasa Scola anampeleka mtu hospitali, daktari anasema huu ni ugonjwa kama mwingine, dawa zake hizi, na rudi tena tuzungumze. Mashangazi wanazeeka kwa amani! Ukoo mzima umekaa tu, hauna wa kumchukia. Tutaishije?

3. (Limekuja.) Ni kuhusu maneno. Sisi tulikuwa na watu wa aina mbili: mzima, na wa kupelekwa Dodoma, kwenye hospitali ya wendawazimu. Ilikuwa rahisi, kila mtu alijua yuko upande gani. Scola ameleta za katikati. Kuna aliyechoka, kuna aliyeelemewa, kuna mwenye huzuni isiyotoka hata akicheka. Ndugu Mtendaji, huko katikati kuna watu wengi mno. Nimechungulia. Wamejaa mpaka barazani, madume yenye ndevu, yanajifanya yamekuja kupima malaria.

5. Hatari kwa taifa. Mkimwachia, Simiyu yote itaanza kujibu ukweli. Fikiria pale kwenye mizani ya pamba: karani anasema habari, mkulima anaanza kumpa habari zenyewe. Foleni hiyo mpaka Maswa, Binza huko. Dereva wa basi anasimamishwa Lamadi, trafiki anamwambia "Vipi, salama?", dereva anazima injini, anashuka, anaeleza tangu utotoni. Barabara ya Mwanza imefungwa, samaki wanaoza. Mchungaji Yakobo anauliza kanisani kama kondoo wote ni wazima, kondoo wanasema hapana. Ibada hiyo inaisha Jumatatu. Nchi tutaijenga saa ngapi?

Kwa hiyo naomba chumba kifungwe, mbegu zirudi, na mwano ubaki mali ya ng'ombe. Swali la pili lipigwe marufuku kwa sheria ndogo ya kata. Na huyo Jilala, ambaye siku hizi anakwenda pale kila Alhamisi na ameanza hata kunenepa, apewe adhabu kali: alazimishwe kushinda dukani kwangu. Nitamkalisha kwenye kiti chenye mto, nimpe soda, nimpigie stori za Kongo bila kupumzika. Atajuta.

Nakusalimia wewe, mama watoto, mhudumu wako wa ofisi na wajumbe wote wa kikao, hata yule anayesinzia. Wasalimie na mbuzi wa kata wanaolala kwenye ngazi zako, waambie Masalu yupo.

Ni mimi mtetezi wa jamii,
Masalu, Spea za Uhakika,
mkabala na mashine ya kukoboa mpunga.

Nyongeza baada ya sahihi: Barua hii usiisome kikaoni. Jana Scola alipita dukani kutafuta plagi ya pikipiki. Akanisalimia, nikamjibu mhola duhu. Akauliza mara ya pili. Nikamwambia, "Mayu, nina wateja." Dukani hapakuwa na hata nzi. Akasema, "Sawa baba, nipo Alhamisi," akaenda. Nimeshinda na hasira, na hasira yenyewe ni kwamba hakuuliza mara ya tatu.

Mbegu zitafutieni mahali pengine. Nikiwa mjumbe ningenyoosha mikono yote miwili chumba kibaki. Alhamisi nitakwenda na Jilala. Watu wakiuliza nitasema namsindikiza, na wewe ukiulizwa useme hivyohivyo.

Na lile la usingizi ni uongo. Tangu tumzike binti yangu Milembe, silali.