Kitufe Chini ya Redio

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Magari,

Gari langu linavuta kwa tairi zote nne. Taarifa hiyo imetolewa leo asubuhi na fundi wa gereji ya mtaani kwetu, mbele ya mke wangu, baada ya kubonyeza kitufe kilicho chini ya redio. Mke wangu alisema, "Kumbe!"

Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Gari letu la kwanza lilisukumwa na tairi za nyuma. Kila Jumamosi ya mvua, kwenye kilima cha udongo kinachoelekea kwa mama mkwe, lilitikisa mkia, tukageuza, nami nikawahi mpira kwenye televisheni. Hakuna aliyelaumiwa.

2. Lilipochakaa, ukurasa wako uliandika kuwa dereva wa kawaida anatosheka na gari la kuvuta kwa tairi za mbele: halinywi mafuta mengi, limetulia kwenye lami, ila hushindwa na vilima vyenye tope. Sentensi ya mwisho niliisoma mara mbili, nikaenda kununua. Hamkusema kwamba mengine yana kitufe.

3. Sasa sina kisingizio. Kila nikifika, mama mkwe hunipokea kwa ngazi na kopo la rangi. "Dari haijipaki rangi yenyewe, mkwe."

4. Fundi amemwambia mke wangu, "Hili linapanda hata ukuta, dada." Ameamini. Shemeji naye ameomba tumpitie njiani, yeye na kabati lake.

Kwa hiyo naomba toleo la Ijumaa litangaze kuwa kitufe hicho, mikononi mwa dereva wa kawaida, ni hatari kwa ndoa. Viwanda viamriwe kukiziba. Ikishindikana, mama wakwe wote wahamishiwe kando ya lami.

Nisalimie wapiga chapa, mhasibu, na mlinzi wenu wa getini.

Wako niliyekwama pakavu,
Msomaji wa ukurasa wa saba

Baada ya kusaini: Mama mkwe ameingia sasa hivi na mabegi matatu. Jirani yake amemleta kwa kigari cha tairi za mbele. Kuteremka kilima, anasema mama mkwe, hakuna tabu. "Nimesikia kilima kinawatesa, wanangu. Nitakaa hapa mpaka mvua ziishe." Ngazi imefungwa juu ya kigari hicho.

Futa yote niliyoandika. Andika kwamba gari la tairi nne hupanda kilima chochote, na dereva yeyote analiweza. Namrudisha Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi.