Mikono Themanini ya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya tatu tangu kiwanda cha magodoro kifungwe. Miaka kumi na moja nililinda geti lile. Mameneja wote walipita mbele yangu, kwa hiyo umeneja naujua nje ndani.

Leo binti yangu, anayesomea elimu ya jamii chuoni, alikuwa akisoma kwa sauti. Zamani, anasema, familia ndiyo ilikuwa karakana, wote wakizalisha pamoja. Viwanda vikaja, vikaitoa kazi nje, nyumbani ikabaki ile isiyolipwa na isiyoonekana. Nikaruka kitini. Basi kiwanda kirudi nyumbani! Tena sebuleni kipo tayari: mama watoto ni fundi cherehani, ana oda ya mashati arobaini ya bendi ya shule, yanatakiwa Ijumaa saa sita mchana. Akichelewa, oda zote za shule zinahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Kilichokosekana ni meneja tu. Nimejiteua. Hakuna aliyepinga, maana hakuna aliyejua.

Jumanne, 4 Machi
Nimetangaza mgawanyo wa kazi. Mama watoto cherehani tu. Binti kola. Mama mkwe vifungo. Mama mkwe akauliza, na wewe je? Nikamjibu nasimamia. Akacheka mpaka akavua miwani. Eti kazi ya kusimama mkwe wake anaiweza tangu enzi za geti. Mama huyu ana mdomo!

Walipokwenda sokoni, nikaamua kumfunga huo mdomo. Nikakata mikono ya mashati yote mwenyewe. Kwa nini mmoja mmoja? Nikapanga kitambaa tabaka nane, nikakata kwa mpigo. Mikono themanini kabla chai haijapoa! Fundi gani amewahi?

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Kumbe kitambaa kile kina uso na mgongo: huku kinang'aa, kule kimefifia. Tabaka zote nilizilaza uso juu, badala ya kuzikutanisha uso kwa uso. Mikono yote themanini ni ya kushoto! Kitambaa kimekwisha, na dukani hakipo. Mama watoto hakupiga kelele. Alikaa ameushika mkono mmoja wa shati, machozi yanamlengalenga. Heri angepiga kelele. Niliona aibu mpaka masikioni.

Halafu nikaharibu zaidi. Nikasema kosa ni la wafanyakazi, kwenda sokoni saa za kazi. Binti akafunga daftari. Akasema kazi isiyoonekana sasa itaonekana. Wamegoma! Kwenye cherehani wanakaa, ila jikoni hakuna anayekanyaga. Chai hakuna. Ndoo tupu. Soksi zangu zote chafu. Kumbe hazikuwa zikijifua.

Alhamisi, 6 Machi
Nimechota maji, nimefagia, nimefua, nimepika, nimeunguza. Na saa nne asubuhi bado haijafika! Mgongo unalia. Nikaenda kumwomba mama watoto radhi, kwa moyo wangu wote. Akanisamehe, akanipa ufagio.

Mama mkwe, bila kuinua kichwa, akasema mkono wa kushoto ukigeuzwa ndani nje unakuwa wa kulia. Basi mkono wa kulia ufifie, na kola nayo igeuzwe ififie vilevile, ionekane imekusudiwa. Mkorofi, lakini ana kichwa!

Ijumaa, 7 Machi
Saa sita kasoro dakika tano tumefika shuleni. Mwalimu wa bendi akaligeuza shati huku na huku. Nikajificha nyuma ya mama mkwe. Mwalimu akauliza nani kabuni mtindo huu. Mama watoto akanitupia jicho, akasema ni mambo ya kifamilia. Mwalimu ameagiza mengine thelathini! Tumerudi tukiimba njia nzima, mama mkwe kanishika mkono. Furaha niliyonayo haina kipimo.

Jumamosi, 8 Machi
Kikao cha familia. Umeneja umefutwa, kura tatu kwa moja. Nimepangiwa jiko na pasi. Sawa, nimekuwa Mkurugenzi wa Pasi. Tena nimejifunza: kazi ya nyumbani ni kazi, na haraka haraka haina baraka.

Ila nguo za kesho za familia nzima, moja moja? Huo si uzalishaji! Nimezipanga tabaka nane, gauni la mama mkwe juu kabisa. Pasi moto wa mwisho, tofali juu yake, nami nimekaa barazani naandika haya.

Kuna harufu ya kuungua. Bila shaka fundi wa ng'ambo anachoma takataka. Wivu tu.