Kiti cha Karibu na Jiko

Alhamisi, 9 Januari
Baridi kali. Kutwa mtoni, sikuambulia kitu. Barafu inaganda kwenye pete za ufito wa kuvulia, mshipi haupiti. Samaki wamelala chini kabisa, chambo changu cha nzi wa bandia hawakitazami hata kidogo. Jioni kwenye klabu yetu ya wavuvi Hilmo, jirani yangu, kajaa kwenye kiti cha karibu na jiko la kuni. Mimi mlangoni, mwaka wa tatu huu! Atakayevua samaki mrefu kuliko wote Jumapili ndiye atakayekikalia mpaka theluji iyeyuke. Hilmo akaniambia, jirani yangu we, Jumapili njoo na blanketi kabisa. Nilicheka. Roho inaniuma.

Ijumaa, 10 Januari
Wazo! Mtambo wa kukenekea rakija, pombe yetu kali ya matunda ya plamu, hupozwa kwa maji, nayo hutoka ya moto. Nikiyamwaga mtoni, samaki wataamka. Nimeuburuta mtambo hadi ukingoni, kwenye dimbwi langu la kuvulia. Zumra kauliza ni mwanamume gani mwenye akili timamu anakeneka Januari, na kwa plamu zipi. Nikamwambia atulie, mke wangu, nakeneka upya ile iliyopo. Kaenda kulifunika pipa la rakija. Iliyopo ni ya harusi ya binti yetu.

Jumapili, 12 Januari
Moto tangu alfajiri. Mvuke, maji ya moto, raha! Wanaklabu wakaja kuota moto. Wakaonja rakija. Wakaionja tena. Kufika adhuhuri vijidudu vikaibuka juu ya maji, samaki wakaanza kuvirukia. Si kwangu. Dimbwi linalofuata, chini ya langu, mkondo unakoelekea. Dimbwi la Hilmo! Kavua samaki wa sentimita arobaini na nane, kampima, kamrudisha majini. Akapaza sauti, Mungu akuzidishie, jirani, hata glavu nimevua! Mimi mshipi wangu umeganda.

Jumatatu, 13 Januari
Klabuni, mlangoni. Hilmo kanyoosha miguu mbele ya jiko mpaka soksi zinafuka. Nyumbani Zumra hasemi nami. Kakagua pipa, limebaki nusu. Nimelia kidogo, nikasingizia moshi.
Lakini usiku kucha nimewaza, na kosa nimelijua. Moto ulikuwa mdogo! Mwakani mitambo miwili, palepale. Nusu pipa itatosha.