Kibao cha Dobi wa Sayyida Zainab

Rushdi Sabbur alikuwa akitoka kwa wakwe zake watarajiwa, tumbo limejaa mahshi, kabichi iliyojazwa wali, na masikio yamejaa maswali ya Haji Mitwalli, baba wa mchumba wake, kuhusu harusi ni lini hasa, alipoinua macho akaona utajiri unaning'inia juu ya mlango wa dobi.

Kilikuwa kibao cha bati. "Gharib na Wanawe, Kunyoosha Nguo," kiliandikwa kwa hati ya mkono yenye madaha, buluu imepauka, dhahabu imemenyeka, kutu imekula pembe kwa adabu. Kwa wakazi wa mtaa ule wa Sayyida Zainab hilo lilikuwa bati tu. Kwa matajiri waliohamia jangwani, kwenye mitaa mipya ya mageti na nyasi za kumwagiliwa, ilikuwa roho ya Kairo. Watu hao wana tabia yao: kwanza wanaikimbia Kairo kwa sababu ya vumbi, kisha wanalipa pesa nzuri waletewe vumbi lile lile kwenye fremu.

Rushdi alijiita mtaalamu wa urithi wa macho. Kazi hiyo haina shahada, na ndiyo maana aliipenda. Bi Inji, mwenye mkahawa uitwao Zamani, uliojengwa mwaka huu huu, alikuwa amemwahidi: leta kibao cha kweli cha enzi za mfalme siku ya ufunguzi, uwe mkurugenzi wangu wa usanifu. Mshahara, gari na kadi yenye jina. Rushdi hakuwahi kuwa mkurugenzi hata wa kuku.

"Salamu alaykum, Usta. Pole na kibao."

"Alaykum salaam, bashmuhandisi," alijibu Gharib, fundi ambaye mtaa mzima ulimwita Usta, bila kuacha kunyoosha suruali. Kairo kila mwenye miwani ni mhandisi. "Kwani kimefanya nini?"

"Takataka hiyo, samahani kusema. Itamwangukia mtu kichwani. Hujasikia mtaa unapewa sura mpya? Vibao vya zamani vyote chini! Mimi nimo kwenye mradi. Nakushushia hiki, nakuwekea cha plastiki, hutoi hata piastri."

Gharib akaitua pasi. Machozi yakamlengalenga. "Hicho alikipachika babu yangu kwa mkono wake, Mungu amrehemu. Mimi nimezaliwa chini yake."

"Babu angependa maendeleo."

"Angependa," dobi akakubali, upesi kidogo kupita desturi ya wenye majonzi. "Lakini si plastiki, bashmuhandisi. Babu angependa skrini. Kubwa, kama ile ya duka la dawa pale kona, inayoonyesha mpira. Babu alikuwa mtu wa mpira sana."

Walivutana mpaka chai ikapoa, na dobi hakushuka hata inchi moja. Angekuwa na akili, Rushdi angemuuliza mtu yeyote wa mtaa ule habari za kibao hicho, hata mchumba wake Nashwa. Lakini tapeli haulizi, anaogopa kugawana faida. Kwa Nashwa alikwenda na ombi jingine.

"Roho yangu, nipe shabka nikaisafishe."

Shabka ilikuwa bangili na mkufu, dhahabu ya uchumba aliyomvalisha mbele ya ukoo mzima, huku mashangazi wakipiga vigelegele na kuipima uzito kwa macho.

"Imechafukia wapi, Rushdi? Naivaa Ijumaa tu."

"Nataka ing'ae harusini mpaka shangazi zako wavae miwani ya jua."

"Baba akijua imetoka nje ya nyumba hii, atanichinja."

"Itarudi kabla hajaikumbuka. Wallahi."

Akampa. Alimpenda, na hilo ndilo kosa pekee la Nashwa katika kisa hiki. Dhahabu ikaenda kwa sonara, pesa za sonara zikanunua skrini pana kama kitanda cha maharusi. Mshahara wa ukurugenzi ungeikomboa, alijiambia, na akajiamini, kwa sababu hata yeye hakuwahi kusikia tapeli mwenye maneno matamu kama yake.

Skrini ikapanda, kibao kikashuka. Usta Gharib akawaita wanywaji wa kahawa wa jirani wawe mashahidi.

"Sema mwenyewe, bashmuhandisi. Hiki ni nini?"

"Takataka," akasema Rushdi, akicheka moyoni.

"Na umekichukua kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Mungu akubariki," dobi akasema, na akakibusu kibao kwaheri.

Siku ya ufunguzi Zamani ilifurika watu waliovaa nguo ghali zilizochanwa makusudi, wakinywa juisi ya miwa kwa bei ya mwanakondoo. Kibao kilitundikwa ukuta wa mbele. Bi Inji, aliyeachika juzi juzi tu na talaka ikamnenepesha mfuko, alikuwa akirusha sherehe mubashara mtandaoni.

"Huyu ndiye Rushdi, aliyeiokoa hazina hii! Wasichana wanauliza huku, Rushdi. Una mtu?"

Rushdi aliiona kadi. Aliliona gari. Kisha akamwona Bi Inji mwenyewe, akaona kumbe hata ukurugenzi ni jambo dogo.

"Mimi? Sina mke, sina mchumba," akasema, mkono kifuani. "Nimeoa urithi."

Makofi. Mpiga picha akaomba kibao kigeuzwe kidogo kipate mwanga. Ubao wa mgongoni ukabanduka, ukaanguka. Nyuma ya bati la enzi za mfalme, kitoto cha katuni kilikuwa kinatabasamu juu ya bakuli la tambi za papo kwa papo, na chini yake pameandikwa: "Sasa kwa ladha ya uduvi! Tufuate mtandaoni."

"Hicho si cha Gharib dobi?" akasema mgeni mmoja. "Hata mimi ninacho! Shemeji yake ndiye anayevichora. Anavianika juu ya paa, anavimwagia chai na chumvi."

Bi Inji akacheka mpaka wanja ukamtoka. "Basi dobi ndiye msanii! Nataka vya ukuta mzima, nitaongea naye mwenyewe. Rushdi, habibi, yale masanduku ya soda yapeleke stoo."

Rushdi hakupeleka sanduku. Alikimbilia Sayyida Zainab akakomboe skrini yake. Akakuta nusu ya mtaa imekaa chini yake kwenye viti vya mkahawa. Gharib alikuwa ameifungulia matangazo ya Bi Inji tangu mapema watu wakione kibao chake kikipata umaarufu, na kila mtu aliona kila kitu. Kiti cha mbele alikuwa amekikalia Haji Mitwalli, mwenye jengo lile. Nashwa alikuwa amesimama nyuma yake.

"Usta, umenitapeli!"

"Nimekutapeli nini? Ulitaka takataka, nimekupa takataka. Au ulijua ni mali ukaja kumwibia mzee wa watu? Mashahidi hawa hapa."

"Mwache dobi," Haji Mitwalli akasema taratibu. "Niambie mimi. Msichana akivunja uchumba, shabka anaifanyaje?"

"Anairudisha, Haji."

"Na mwanamume akivunja?"

"Inabaki kwa msichana."

"Umesema huna mchumba. Umesema mbele ya dunia."

"Basi shabka ni yangu," Nashwa akasema. Macho yalikuwa makavu. "Iko wapi, Rushdi?"

Rushdi akatafuta uongo, akakosa hata mdogo. Akanyoosha kidole juu.

Haji akaitazama skrini, kisha akamtazama mpangaji wake. "Gharib, ishushe."

"Haji, kwa heshima ya marehemu babu..."

"Babu yako alikuwa kondakta wa tramu, nilimjua. Ishushe."

Lifti ya jengo ilikuwa mbovu. Rushdi aliibeba skrini mgongoni ngazi kwa ngazi, jasho likimchirizika, majirani wakimfungulia milango wapate kumwona. Nashwa alimwelekeza ukuta wa sebule, akamwambia asogeze kushoto, asogeze tena, hapo hapo. Akachomeka waya mwenyewe, picha ikaja, akakaa.

"Asante," akasema bila kugeuka. "Ukitoka funga mlango."